Trela la Kambini: Historia Iliyoanzia Mpakani



Katika makala zilizotangulia za safu hii ya Nchi Jirani tumekuwa tukitembea kwenye mipaka yetu wenyewe, Namanga, Tunduma na Rusumo. Leo naomba uniruhusu nikupeleke mbali kidogo, kwenye mpaka wa majirani wengine wawili, Marekani na Meksiko. Kilichonisukuma ni swali.

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili anayeishi Arizona alinitumia insha yake fupi ili niisahihishe. Aliandika kwamba familia yake ilikodi "nyumba ya magurudumu kutoka jeshini" ikaenda nayo milimani kwa siku tatu. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "jeshini", nikidhani amekosea, kwa kuwa jeshi, kwa ufahamu wangu wa wakati ule, si duka la kukodisha vyombo. Akanijibu kwa adabu kwamba hakukosea. Mama yake ni askari wa jeshi la anga, na katika kambi anakofanyia kazi imo ofisi ambayo shughuli yake ni kukodisha matrela ya kulala, mahema, majiko ya gesi, mifuko ya kulalia, masanduku ya barafu na mitumbwi. Nilifuta mstari wangu, nikaanza kusoma.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Trela linalozungumzwa hapa si lile la kubebea shehena linaloonekana likipanda Kitonga nyuma ya lori. Ni chumba chepesi chenye magurudumu, ndani yake mna vitanda, jiko, meza ya kukunja na pengine choo, nacho huvutwa na gari la kawaida la familia lenye nguvu ya kutosha. Wamarekani wanalipenda chombo hiki kiasi kwamba mwaka 1959 mtengenezaji wao mmoja maarufu, Wally Byam wa kampuni ya Airstream, alianza safari ya kuongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Msafara huo ulipita Kenya na Ethiopia, na nadhani wazee walioyaona yale masanduku ya bati yaking'aa barabarani walikuwa na mengi ya kusimulia jioni.

Sasa, katika kambi nyingi za jeshi la Marekani, askari anayetaka chombo kama hicho hufika kwenye ofisi ya burudani za nje akiwa na kitambulisho chake cha jeshi na leseni ya udereva. Huchagua trela, hulipa ada ya siku au ya mwishoni mwa juma, kisha hutia saini mkataba. Mhudumu hutoka naye nje wakague gari litakalovuta. Je, tufe la chuma lililo nyuma ya gari linalingana na kiunganishi cha trela? Je, waya za taa zinaungana? Je, gari lina uwezo wa kuhimili uzito huo na kuusimamisha kwenye mteremko? Baadhi ya kambi humtaka mkodishaji apate kwanza mafunzo mafupi ya kuvuta trela, na kwa mashua mafunzo ya usalama majini. Wakati wa kurudisha, ukaguzi hufanyika tena: mikwaruzo, vyombo vya jikoni, usafi, na zaidi ya yote tangi la maji machafu, ambalo lazima liwe limemwagwa mahali panaporuhusiwa. Asiyelimwaga hutozwa. Kwa kawaida ada huwa nafuu kuliko ile ya wafanyabiashara wa nje, kwa sababu hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Mapato hurudi kwenye huduma zile zile.

Ofisi hii ni tawi la mpango mkubwa ambao jina lake kwa Kiswahili tunaweza kuliita Ari, Ustawi na Burudani, na ambao askari huutaja kwa herufi tatu tu, MWR. Nakuomba ulitazame neno letu "burudani" kwa dakika moja. Linatokana na kitenzi "burudi", yaani kuwa baridi, na ni ndugu wa karibu wa neno "baridi" lenyewe. Kujiburudisha ni kujipoza. Mswahili aliyeligeuza neno hili kuwa jina la starehe alikuwa mtu wa pwani aliyejua jua la saa nane mchana. Nalitaja kwa sababu historia tunayoiendea inaanzia kwenye joto, vumbi na vijana wasiokuwa na la kufanya.

Alfajiri ya tarehe 9 Machi 1916, wapiganaji wa Pancho Villa walivuka mpaka kutoka Meksiko wakaushambulia mji mdogo wa Columbus katika jimbo la New Mexico. Wamarekani kumi na kadhaa waliuawa, na washambuliaji wengi zaidi wakapoteza maisha. Juma moja halikuisha kabla Jenerali John Pershing hajaingia Meksiko na askari wake kumsaka Villa, asimpate. Serikali ya Meksiko haikufurahia jeshi la jirani kuzurura ndani ya nchi yake, na vita baina ya mataifa hayo mawili vilinukia. Rais Woodrow Wilson akawaita askari wa akiba wa majimbo kwenda kulinda mpaka. Kufikia mwisho wa kiangazi, zaidi ya vijana 100,000 walikuwa wamepiga kambi kwenye mstari mrefu wa mchanga kuanzia Texas hadi Arizona.

Vita haikuja, na jambo hilo ndilo lililozaa tatizo. Makarani, wakulima na wanafunzi walitolewa makwao, wakapewa bunduki na hema, wakaambiwa wangoje. Walifanya gwaride asubuhi, na kuanzia alasiri hawakuwa na kazi. Karibu na kila kambi palichipuka vilabu vya pombe na nyumba za ukahaba. Malalamiko yalifika Washington, kwa barua za wazazi na za wachungaji wa makanisa, na Waziri wa Vita, Newton Baker, akamtuma mwanasheria kijana wa New York, Raymond Fosdick, aende akaone kwa macho yake.

Fosdick alirudi na taarifa ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha habari hii yote. Hakusema tu kwamba askari wanalewa. Alieleza kwamba katika miji ile ya mpakani hapakuwa na kitu kingine cha kushindana na pombe. Hapakuwa na vitabu, wala michezo, wala mahali pa kukaa na kuandika barua. Kijana alipotoka kambini jioni, mlango pekee uliokuwa wazi na wenye taa ulikuwa mlango wa kilabu. Tofauti na wengi wa zama zake, Fosdick hakuona kwamba adhabu peke yake ingetosha. Serikali iliyomchukua kijana kutoka kwao iliwajibika pia kwa saa zake za mapumziko.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, Baker hakutaka kuyarudia ya mpakani, safari hii kwa mamilioni ya watu. Mwezi huo huo aliunda tume ya shughuli za kambi za mafunzo, na Fosdick akawa mwenyekiti wake. Sheria ya kuandikisha askari iliyopitishwa mwezi uliofuata ilipiga marufuku kumuuzia askari pombe na ikazuia ukahaba karibu na kambi. Hata hivyo, katazo lilifuatana na mbadala. Makocha wa michezo, waalimu wa nyimbo na kumbi za maonyesho vilipelekwa kambini, na Chama cha Maktaba cha Marekani kikajenga maktaba na kukusanya vitabu kutoka kwa wananchi.

Sitaki udhani kwamba kabla ya hapo jeshi halikuwa na chochote. Kwa miaka mingi wachuuzi wa kiraia waliwafuata askari wakiwauzia tumbaku na pombe kwa bei ya kukomoa. Kuelekea mwisho wa karne ya kumi na tisa jeshi likaanzisha kantini zake (neno hili unalijua, pengine shuleni kwako ipo moja), na mwaka 1895 likaweka utaratibu wa maduka ya kambi ambayo faida yake ilirudi kwa askari wenyewe. Mwaka 1901 Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku bia katika kantini hizo, kwa shinikizo la vyama vya kupinga ulevi. Maofisa wengi walinung'unika kwamba askari sasa watakwenda kunywa nje ya lango. Ukikumbuka alichokikuta Fosdick miaka 15 baadaye, utaona kwamba hawakukosea.

Katika maduka yale ndimo ulimozaliwa utaratibu wa fedha unaoendesha trela la leo, nao unastahili kueleweka na kila anayesoma uraia. Huduma za burudani za jeshi la Marekani hutumia mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni fedha za walipa kodi zinazoidhinishwa na Bunge, nazo huelekezwa zaidi kwenye yale yanayohesabiwa kuwa ya lazima kwa utayari wa jeshi, kama vile kumbi za mazoezi na maktaba. Mfuko wa pili hauidhinishwi na Bunge. Hujazwa na ada na mauzo ya huduma zenyewe. Kadiri jambo linavyokaribia anasa, viwanja vya gofu kwa mfano, ndivyo linavyotarajiwa kujilipia. Shughuli za nje ziko mahali pa katikati, na ukodishaji wa matrela umeegemea upande wa kujilipia.

Je, mfuko huo wa pili ni wa serikali au ni wa binafsi? Swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Jimbo la California lilitaka kutoza kodi ya mafuta kwa petroli iliyouzwa kwa maduka ya kambi za jeshi, na kampuni ya Standard Oil ikapinga. Mwaka 1942 majaji waliamua kwamba maduka hayo, ingawa yanajiendesha kwa mapato yao, ni viungo vya serikali na ni sehemu ya Wizara ya Vita. Uamuzi huo una pande mbili, na wanafunzi wangu nimewaachia waujadili darasani. Ukiwa kiungo cha serikali, unapata kinga ya serikali. Lakini ukiwa kiungo cha serikali, huwezi pia kujifanya klabu ya marafiki inayochagua nani aingie na nani abaki nje.

Ni hapo penye kuchagua nani aingie ambapo historia hii inauma.

Mwaka ule ule wa 1916, huko Hawaii, kambi ya mapumziko ya askari ilifunguliwa kwenye kingo za volkano ya Kilauea, ndani ya hifadhi ya taifa iliyokuwa imeanzishwa miezi michache tu kabla yake. Askari walipanda huko kupata hewa baridi na kuutazama moshi wa mlima. Hadi leo inapokea wageni. Desemba 1941, baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, kambi hiyo hiyo ya kustarehe iligeuzwa kuwa kizuizi cha wakazi wa kisiwa hicho wenye asili ya Kijapani, watu waliokamatwa pasipo kufunguliwa mashtaka mahakamani.

Kwa askari Weusi, mlango ulikuwa nusu wazi tangu mwanzo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, huduma za starehe kwao zilitengwa na zilikuwa haba. Huko Ufaransa, wanawake Weusi wachache sana waliruhusiwa kuwahudumia maelfu kwa maelfu ya askari wa rangi yao, na wawili kati yao, Addie Hunton na Kathryn Johnson, waliandika kitabu juu ya waliyoyaona, kikachapishwa mwaka 1920. Vita ya pili ilipokaribia, mwaka 1941 mashirika sita ya kiraia na ya kidini yaliungana kuunda USO ili kuwaburudisha askari, lakini katika miji mingi klabu za Weusi zilikuwa mbali na za Weupe, na aghalabu zikiwa duni. Tarehe 26 Julai 1948 ndipo Rais Harry Truman alipotia saini amri namba 9981 ya kuleta usawa wa kutendewa na wa fursa katika majeshi yote, pasipo kujali rangi, dini wala asili.

Sasa jaribu kumwona sajenti Mweusi wa mwaka 1960, katika kambi ya jimbo la kusini. Ndani ya uzio anacheza na kuogelea pamoja na wenzake. Jumamosi inafika, anawapakia watoto garini na kutoka langoni. Bwawa la mji limefungwa kwake, hoteli hali kadhalika, na sehemu nyingi za kupiga hema pia. Amri ya Truman ilikuwa na nguvu hadi kwenye uzio tu. Mwaka 1962 Rais John Kennedy aliunda kamati chini ya mwanasheria Gerhard Gesell kuchunguza jambo hili, na taarifa yake ya mwaka uliofuata ilisema wazi kwamba ubaguzi wa nje ya lango unaliumiza jeshi lenyewe. Tarehe 26 Julai 1963, miaka 15 kamili tangu amri ya Truman, Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alitoa agizo lililowapa makamanda wajibu wa kupinga ubaguzi uliowaathiri askari wao na familia zao, hata nje ya kambi. Mahali penye ubaguzi sugu pangeweza kutangazwa kuwa ni marufuku kwa askari wote, na mwenye biashara akakosa wateja wa kambi nzima. Wanasiasa wa kusini walikasirika mno.

Askari aliyelengwa na mipango ya Fosdick alikuwa kijana kapera aliyeandikishwa kwa lazima, naye alihitaji mpira, sinema na kitabu hadi siku yake ya kurudi nyumbani. Mwaka 1973 Marekani iliacha kuandikisha watu kwa lazima, na tangu hapo jeshi lake ni la hiari. Mtu wa hiari hana budi kushawishiwa abaki. Hukaa miaka mingi, huoa au huolewa, hulea watoto, huhamishwa kutoka jimbo hadi jimbo kila baada ya miaka michache. Ukimpoteza fundi wa ndege uliyemfundisha kwa miaka 10 kwa sababu mwenzi wake amechoshwa na maisha ya kambini, hasara ni yako. Maswali ya kamanda yakabadilika: pamoja na kumzuia kijana asilewe, atawapa nini watu hawa wa familia siku tatu za mapumziko? Kwa mtazamo wangu, trela la kukodi ni jibu la zama hizo. Askari anayehamishwa mara kwa mara hana sababu ya kununua chombo kikubwa atakachokitumia mara mbili kwa mwaka na asichojua atakiegesha wapi. Afadhali akikute kila kambi anakopelekwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kipuuzi. Wafanyabiashara wa miji iliyo karibu na kambi wamelalamika kwa miongo mingi kwamba wanashindana na serikali isiyolipa pango wala kodi kama wao. Wapo raia wanaouliza kwa nini mwalimu au muuguzi, ambao nao huitumikia nchi, hawana trela la kukodi kwa bei nafuu. Mimi mwalimu swali hilo linanigusa, nakiri.

Hata hivyo, mstari wa nani anaruhusiwa umekuwa ukisogea. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kuanzia tarehe 1 Januari 2020 milango ya maduka ya kambi na ya huduma nyingi za burudani ilifunguliwa kwa waliokuwa wafungwa wa vita, kwa wenye nishani ya Purple Heart, na kwa askari wastaafu wote wenye ulemavu uliotokana na utumishi wao. Hapo awali ilimbidi mlemavu awe ametambuliwa kuwa na ulemavu kamili. Wamo pia watu waliosajiliwa rasmi kuwauguza askari wa zamani nyumbani. Mke anayemlea mume aliyekatika miguu vitani anaweza kuwa mteja kwa haki yake mwenyewe.

Turudi Arizona. Kambi ya anga ya Luke iko karibu na Phoenix, jangwani, mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Askari wake wanayo sehemu ya mapumziko kaskazini, karibu na mji wa Flagstaff, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, katikati ya misonobari. Kuna vibanda vya mbao, viwanja vya mahema na maegesho ya matrela. Mahali hapo panaitwa Fort Tuthill, kwa sababu hapo zamani palikuwa uwanja wa mazoezi wa askari wa akiba wa Arizona, na Alexander Tuthill aliyepewa heshima hiyo alikuwa daktari na kamanda wao. Askari wa akiba wa Arizona walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuitwa kulinda mpaka wa Meksiko mwaka 1916, na yeye alikuwa nao kule kwenye vumbi.

Mwanafunzi wangu hakuyajua hayo alipoandika insha yake, wala mimi sikuyajua nilipoisahihisha. Aliandika kwamba usiku walisikia baridi hadi wakavaa soksi mbili mbili, na kwamba Jumatatu asubuhi mama yake alimwaga maji machafu, akayafagia trela, wakalirudisha kambini, ambako familia nyingine ilikuwa tayari imesimama ikilingoja. Nilisahihisha neno moja tu. Trela limo katika ngeli ya LI-YA, nalo lilikuwa moja: akalifagia.